Mdomo, Banda au Idadi: Mjadala juu ya Kuku Wanaodonoana katika Nyua za Kariakoo

Kudonoana kwa kuku ni jina moja linalobeba mambo matatu yasiyofanana, na sehemu kubwa ya ubishi unaozuka katika nyua za Kariakoo, Gerezani na Ilala, jijini Dar es Salaam, kuhusu tiba yake hutokana na kuyachanganya mambo hayo. La kwanza ni ugomvi wa ukuu, ambapo kuku humdonoa mwenzake kichwani au kwenye upanga, yaani ile nyama nyekundu iliyosimama juu ya kichwa, ili ijulikane nani atatangulia kwenye chakula na kwenye fito ya kulalia. La pili ni kunyofoa manyoya, tendo linalolenga mgongo na shina la mkia, na ambalo mtendaji wake haonyeshi dalili ya hasira, kwani huchomoa unyoya mmoja baada ya mwingine kwa utulivu na mara nyingi huumeza. La tatu, ambalo ndilo linaloua, ni kula nyama: damu ikishatoka kwenye ngozi iliyonyonyolewa, au utando mwekundu wa njia ya yai ukionekana wakati kuku anataga, kundi zima huvutwa na rangi hiyo, na kuku aliyekuwa mzima asubuhi huweza kukutwa mchana utumbo ukiwa nje.

Mahali pa mjadala huu pana uzito wake. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma kwa ajili ya jiko, choo na kamba za nguo, haikujengwa ili kufuga kundi, ingawa iliwavumilia kuku wachache waliotoka asubuhi na kurudi jioni. Katika miaka ya 1980, bei za bidhaa zilipoizidi mishahara ya watumishi, mradi wa kuku uliingia katika nyua za mjini na hata katika nyumba za walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo kuku wa mayai aliyefungiwa bandani amekuwa sehemu ya uchumi wa kaya. Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa kupisha maghorofa. Zilizobaki zimezingirwa na kuta ndefu zinazozuia upepo, na kuku wamesogezwa pembeni mwa ua, chini ya ngazi au juu ya paa la zege. Sauti nne zinazosikika hapa si za watu maalumu. Zimeundwa ili kila moja ibebe hoja ambayo upande wake huitoa kwa kawaida: mama anayefuga kuku mia moja wa mayai, mwenye duka la dawa na pembejeo za mifugo jirani na soko, daktari wa mifugo, na mpangaji ambaye dirisha la chumba chake linatazamana na banda.

MWENYE DUKA: Mama asihangaike na maelezo marefu. Kuku hudonoa kwa mdomo, kwa hiyo mdomo ukipunguzwa, madhara hupungua, na ndivyo wafugaji wakubwa wa dunia walivyofanya kwa miongo mingi. Kisu cha moto, yaani ubapa wa chuma uliopashwa kwa umeme ili ukate na kuziba damu kwa wakati mmoja, huondoa ncha ya mdomo kwa sekunde chache, na kundi lililokatwa vizuri hukaa salama hata banda likiwa finyu.

DAKTARI: Neno la mwisho ndilo la kuangaliwa, kwa kuwa linakiri kwamba kisu kinanunuliwa ili banda libaki finyu. Mdomo wa kuku una mishipa mingi ya fahamu, hasa kwenye ncha, na ndio mkono wake wa kupapasia, kuchagua punje na kusafishia manyoya. Kifaranga akikatwa kidogo katika siku zake 10 za mwanzo hupona upesi kuliko mkubwa. Kuku mzima akikatwa, ncha za mishipa iliyokatika huweza kuota vivimbe vinavyouma kwa muda mrefu, na hupunguza kula kwa siku kadhaa. Zaidi ya hayo, kukata hakuondoi hamu ya kudonoa, kunapunguza tu makali ya kinachodonolea. Norwei ilikataza jambo hili mwaka 1974, na Uholanzi, ambayo ni nchi ya biashara kubwa ya mayai, ikafuata miaka mingi baadaye.

MFUGAJI: Daktari anazungumza habari za Norwei ilhali kuku wanaouawa wako uani hapa. Hata hivyo kuna jambo linalohitaji jibu kutoka kwake na kwa kaka wa duka pia. Kule Singida, wanakotoka kuku wa kienyeji wanaoshushwa mjini kwa matenga, kuku halali kwenye banda la kisasa, hapewi chakula cha dukani, hakatwi mdomo, na bado hakutwi ameliwa mkia na wenzake. Kama mdomo ndio mkosaji, mbona mdomo huo huo kule hauui?

Swali la Mfugaji ndilo lenye nguvu kuliko yote yaliyoulizwa katika mjadala huu, nalo lina historia. Mwaka 1922 mtaalamu wa Norwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alianza kuwachunguza kuku tangu utotoni, alichapisha maelezo ya namna kundi linavyojipanga kwa ngazi, kiasi kwamba kila kuku anamjua anayeruhusiwa kumdonoa na anayempasa kumkimbia. Maelezo hayo yakawa maarufu hata nje ya elimu ya wanyama, lakini umaarufu wake umewapotosha wafugaji wengi, kwa sababu yamewafanya waamini kwamba kila donoo ni vita vya ukuu na kwamba dawa yake ni kumwondoa mbabe. Kuku anayenyofoa manyoya mara nyingi si mbabe hata kidogo.

DAKTARI: Kuku wa Singida hupigana sana, Mama, lakini anayeshindwa ana pa kukimbilia. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kazi. Kuku pori wa Asia, ambao ndio asili ya kuku wote wa kufugwa, wakichunguzwa hukutwa wakitumia zaidi ya nusu ya muda wao wa mchana kudonoa na kuparua ardhi, hata pale wanapopewa chakula cha kutosha. Kuku wa uani hapa hupewa chakula laini kwenye sahani, akashiba kwa muda mfupi, kisha mdomo ulioumbwa kufanya kazi kutwa nzima unabaki bila ardhi ya kuparua, na kitu pekee kinachofanana na nyasi mbele yake ni manyoya ya mwenzake. Watafiti wengi wa tabia za wanyama sasa wanaona kunyofoa manyoya kuwa ni utafutaji wa chakula uliokosa mahali pake.

MWENYE DUKA: Basi na chakula kichunguzwe. Wateja wengi huchanganya wenyewe pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa, kisha wanashangaa kuku wanakula manyoya. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, pamoja na madini na chumvi, na anayepungukiwa huitafuta popote.

Hapa Mwenye Duka yuko kwenye ardhi imara, na ingekuwa kosa kumkatalia kwa sababu tu ana bidhaa ya kuuza. Upungufu wa methionini, ambayo ni mojawapo ya viini vinavyojenga protini na ambayo kuku huihitaji kwa wingi ili kuotesha manyoya, pamoja na upungufu wa chumvi, ni visababishi vinavyojulikana vya kudonoana, na dagaa waliochanganyika na mchanga hushusha protini ya chakula bila mfugaji kujua. Daktari anaongeza mawili tu: chumvi iwe gramu 3 hadi 4 kwa kila kilo ya chakula na isimwagwe kwenye maji kwa kukisia, kwani ikizidi ni sumu; na chakula cha unga kinafaa kuliko cha vidonge, kwa kuwa huwachukua kuku muda mrefu zaidi kukila. Muda huo ndio unaohitajika.

MFUGAJI: Na ardhi ya kuparua itoke wapi, wakati sakafu ya ua ni saruji na kila hatua ina mwenyewe?

DAKTARI: Inaletwa. Maranda ya mbao hupatikana kwenye karakana za samani za Keko, na yakitandazwa kwa unene wa sentimita 10 na kumwagiwa konzi za mtama au mahindi yaliyoparazwa mara mbili au tatu kwa siku, kuku watayaparua mpaka jioni. Majani ya kabichi yanayotupwa sokoni kila asubuhi, yakiwa mabichi na safi, yafungwe kwa kamba na kuning'inizwa usawa wa kichwa cha kuku, ili wayarukie na kuyachana. Mchicha ni mzuri pia, ila anayeununua aulize umelimwa wapi, kwa sababu maji ya Mto Msimbazi yanapokea taka za viwanda na za majumbani kabla ya kufika kwenye bustani za bondeni.

MPANGAJI: Kabla ya mchicha, dada azime taa. Taa ile kubwa ya bandani inawaka mpaka usiku wa manane, mwanga wake unapenya dirishani, na wenye chumba hawalali. Kama watu hawalali, kuku wanalala?

Malalamiko ya Mpangaji, ambayo katika nyumba za kupanga huchukuliwa kuwa chuki ya jirani, yanaafikiana kabisa na maslahi ya kuku. Kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, mchana wake hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, na wafugaji wa kuku wa mayai huongeza taa ili jumla ya mwanga ifike saa 14 hadi 16, kiasi kinachochochea utagaji. Zaidi ya hapo hakuna faida, na mwanga mkali huongeza kudonoana, kwani huwanyima kuku utulivu na kuwaonyesha waziwazi kila kidoa cha damu. Taa hafifu, au ile yenye rangi nyekundu ambayo chini yake damu haijitokezi, hutosha. Joto nalo linaingia katika hesabu hiyo: kuku huanza kutweta hewa inapokaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na kuanzia Desemba hadi Machi ua wa Kariakoo uliozingirwa na maghorofa huzipita nyuzi hizo karibu kila mchana, hivyo maji ya baridi na tundu la hewa juu ya ukuta ni kinga ya majeraha kama ilivyo kinga ya vifo vya joto. Utitiri, wale wadudu wadogo wanaojificha kwenye nyufa za mbao na kunyonya damu usiku, huwatia kuku wasiwasi na kuwatoa damu, na hutafutwa kwa tochi kabla ya kumlaumu kuku yeyote.

MFUGAJI: Hayo yote ni ya kesho. Leo kuna mtetea mmoja ana kidonda juu ya mkia kikubwa kama kiganja cha mtoto, na jirani ameshauri kipakwe oili chafu ya gari ili wenzake wasimguse.

DAKTARI: Oili chafu isipakwe. Kuku husafisha manyoya yake kwa mdomo, kwa hiyo kilichopakwa mkiani kitafika tumboni, na oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina madini mazito. La kwanza kabisa ni kumtoa huyo mtetea bandani, dakika hiyo hiyo na si jioni, kwa sababu muda anaobaki mbele ya wenzake ndio unaoamua kama ataishi. Awekwe kwenye boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye kivuli na kimya. Kama damu inatoka, kitambaa safi kibanwe juu ya jeraha kwa dakika kadhaa bila kufunuafunua. Kisha manyoya ya pembeni yakatwe kwa mkasi, na kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita ikitiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, halafu kipakwe ayodini iliyozimuliwa. Ayodini itapakwa mara mbili kwa siku, na kila mara kidonda kikaguliwe, maana katika joto la mji huu nzi hutaga haraka na funza huingia nyamani kabla mfugaji hajahisi harufu. Jeraha lililopita ngozi na kufika kwenye msuli linahitaji kushonwa, na kuku ambaye utumbo wake umeshavutwa nje achinjwe upesi ili asiteseke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza mateso yasiyo ya lazima, na kumwacha kuku wa namna hiyo mpaka kesho ni mateso ya namna hiyo.

MWENYE DUKA: Ayodini ni nzuri, lakini wateja wanataka GV, ile dawa ya zambarau. Inakausha kidonda, bei yake ni ndogo, na rangi yake inaufunika wekundu wa damu, kiasi kwamba hata kuku akirudishwa bandani wenzake hawamtambui kuwa ana jeraha.

DAKTARI: Kuhusu kufunika wekundu, kaka amesema kweli, na ndiyo sababu dawa hiyo imependwa na wafugaji wa nchi nyingi. Lakini mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitoa onyo kwamba dawa hiyo inaweza kuhusishwa na saratani, ikayagusa matumizi kwa binadamu na kwa mifugo pia, na kuku anayezungumziwa ni wa mayai yanayouzwa kwa majirani. Ayodini nayo ina rangi ya hudhurungi inayofifiza wekundu, kwa hiyo hakuna linalopotea kwa kuichagua.

MWENYE DUKA: Na unga wa antibayotiki kwenye maji? Kila anayekuja na kesi ya jeraha huondoka na pakiti yake.

DAKTARI: Hilo ndilo linalopaswa kukoma. Kidonda kisicho na usaha, cha kuku anayekula na kutembea, hakihitaji antibayotiki, na kuwanywesha kuku 100 kwa sababu ya jeraha la mmoja ni kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Ikibidi kutumika kwa maelekezo, mayai ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti yasiuzwe wala yasiliwe nyumbani.

Katika sehemu hii ya mjadala wazungumzaji wote wameliruka jambo moja linaloihusu Dar es Salaam kuliko nchi za baridi. Maandiko ya Ulaya husisitiza kwamba kuku aliyepoteza manyoya hula zaidi ili kufidia joto la mwili linalopotea, hasara ambayo katika mji huu ni ndogo. Hasara ya hapa ni mbu. Ndui ya kuku, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele na magamba kwenye upanga na kuzunguka macho, huenezwa na mbu na huingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka, kwa hiyo mgongo uliobaki wazi katika msimu wa mvua, wakati maji yanapotuama Jangwani na kwenye mitaro ya Kariakoo, ni mlango wa maradhi kwa banda zima. Mfugaji anayechanja dhidi ya ugonjwa wa mdondo na kuisahau ndui amekinga upande mmoja tu.

MFUGAJI: Tuseme kidonda kimepona. Mtetea huyo atarudije, ikiwa kila akirudishwa anashambuliwa upya?

DAKTARI: Hushambuliwa upya kwa sababu mbili. Manyoya yaliyong'olewa na shina lake huanza kuota baada ya muda mfupi, lakini machipukizi yake yana damu ndani, hivyo yakidonolewa hutoka damu tena. Yale yaliyokatika yakaacha kisiki hayabadiliki mpaka kuku anyonyoke. Asirudishwe, basi, kabla manyoya mapya hayajafunguka. Sababu ya pili ni kwamba kundi limeshamsahau na linamwona mgeni. Kwa siku kadhaa awekwe kwenye tundu la waya ndani ya banda lile lile, waonane bila kufikiana, kisha arudishwe usiku akiwa na mwenzake mmoja mpole, na siku hiyo vyombo vya chakula viongezwe na kutenganishwa. Anayeanzisha kunyofoa atafutwe kwa kukaa kimya na kutazama. Aghalabu ni yule ambaye manyoya yake mwenyewe hayana kasoro.

MFUGAJI: Na huyo auzwe?

Swali hilo halikupata jibu moja. Mwenye Duka anaona kumpeleka sokoni ni suluhisho safi, ilhali Daktari anakumbusha kwamba akiuzwa hai kwa mfugaji mwingine amehamishiwa tatizo mtu asiyejua, na kwamba bora awe wa kitoweo. Lakini wote wawili wanakubali kwamba tabia hii huigwa, na kwamba katika banda lililobanana, akiondolewa mmoja, mwingine huchukua nafasi yake. Mjadala ulipofika hapo haukuhusu tena kuku yeyote mmoja.

DAKTARI: Banda la Mama lina mita 3 kwa 4, ambazo ni mita 12 za mraba, na ndani yake wamo kuku 100, yaani zaidi ya 8 kwa kila mita. Kwa joto la hapa, kuku 5 kwa mita moja ya mraba ndicho kiwango cha busara, ambacho kinafanya 60.

MWENYE DUKA: Umoja wa Ulaya wenyewe unaruhusu kuku 9 kwa mita moja. Kwa nini mfugaji wa Kariakoo abanwe kuliko Mzungu?

DAKTARI: Agizo la Ulaya la mwaka 1999 linaruhusu 9, lakini linataka pia kila kuku apate sentimita 15 za fito ya kulalia, kila kuku 7 wawe na kiota kimoja, na thuluthi ya sakafu iwe na matandiko ya kuparua. Kiota chenye giza peke yake kingepunguza nusu ya balaa hili, kwa kuwa kinaficha njia ya yai wakati kuku anataga. Hapa hakuna fito, na viota ni maboksi mawili yaliyo wazi kuelekea taa.

MFUGAJI: Hesabu ya Daktari haina bei ndani yake. Kuku mmoja anakula gramu 120 kwa siku; 100 wanakula kilo 12, na mfuko wa kilo 50 unaisha baada ya siku 4. Wakiwa 60, mfuko unakaribia wiki, hilo ni kweli. Lakini taa ni ile ile, kibarua wa kuosha ni yule yule, chupa ya chanjo ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho wawe 60 au 100, na wateja wa trei wakikosa mayai wiki mbili wanahamia kwa mwingine. Kodi ya kona ya ua haipunguzwi kwa sababu kuku wamepungua.

Hoja ya Mfugaji ni nzito, na wataalamu wengi huipita kwa kuwa si ya kitaalamu. Hata hivyo inaacha safu moja ya daftari wazi. Mtetea anayeuawa anapoanza tu kutaga, ambacho ndicho kipindi ambacho wengi hudonolewa njia ya yai, ameshalishwa wiki 20 hivi na kumaliza takriban kilo 7 za chakula bila kurudisha trei hata moja, na waliobaki hai, wakiwa na hofu na migongo mitupu, hutaga chini ya uwezo wao. Kuku 40 wa ziada hulipiwa na wale 60, kwa njia ambayo haionekani kwa sababu vifo huja mmoja mmoja. Kisu cha moto, GV na antibayotiki, kwa jinsi vinavyotumika uani, ni gharama za kuitetea idadi ambayo eneo haliwezi kuibeba, na katika Kariakoo, ambako ukuta hausogezwi kwa sababu ng'ambo yake kuna ghorofa la mtu, idadi ndicho kitu pekee kilicho mikononi mwa mfugaji.

MPANGAJI: Na harufu itapungua.

MFUGAJI: Kuku hawatauzwa leo wakiwa katikati ya kutaga. Wanaozeeka wataondoka kwa zamu, nafasi zao zisijazwe, viota vifunikwe kwa magunia, na kundi lijalo liagizwe 60.

DAKTARI: Waagizwe wakiwa na midomo mizima.

MWENYE DUKA: Hilo liulizwe mapema, Mama, kwa sababu vifaranga wengine hufika wakiwa wameshakatwa huko wanakoanguliwa, na boksi likishafunguliwa hayarudishwi malipo.